Helmeti ya uso mzima inaniumiza kichwa: je, nihamie ya uso wazi?

Swali: "Mtaalamu, habari za kazi. Nina helmeti iliyofunga uso mzima, nimeinunua mpya. Ikipita nusu saa paji la uso linaniuma, miwani inanibana juu ya masikio, na nikikwama kwenye foleni najisikia kama sina hewa. Wenzangu wanavaa za uso wazi, wanasema kwa safari fupi za mjini zinatosha. Kaka yangu naye amenipa yake ya zamani, ile inayofunguka mbele, ila inanipwaya kidogo. Nichukue ipi? Na mke wangu, ambaye hupanda nyuma akiwa amesuka nywele, avae ya aina gani?"

Jibu:

Ndugu yangu, ushauri wangu ni kwamba ubaki kwenye helmeti inayokinga kidevu, lakini hiyo uliyonayo uiache. Haiendani na kichwa chako. Maumivu ya paji la uso na kukosa hewa ni matatizo mawili tofauti, na wewe umeyatia kapu moja. Kukosa hewa kunatokana kweli na aina ya helmeti, na kuna namna ya kuipunguza hali hiyo. Maumivu ya paji hayahusiani na uso kufungwa; hata ungenunua ya uso wazi yenye umbo hilo hilo la ndani, ingekuuma vile vile.

Tuanze na hayo maumivu, kwa sababu ndiyo yanayowafanya watu wengi waivue helmeti na kuitundika kwenye usukani. Namba iliyoandikwa ndani ya helmeti, tuseme 58, inaeleza mzunguko wa kichwa kwa sentimita na basi. Haisemi lolote kuhusu umbo. Watu wawili wanaweza wote kuwa na sentimita 58, mmoja akawa na kichwa kirefu kutoka paji hadi kisogoni na chembamba pembeni, mwingine akawa na kichwa kilichokaribia duara. Wengi wetu tuko katikati. Mwenye kichwa kirefu akivaa helmeti iliyochongwa kwa kichwa cha duara, inambana kwenye paji na kisogo huku pembeni, juu ya masikio, kukibaki nafasi. Mwenye kichwa cha duara akivaa ndefu, inambana pembeni na kumpwaya mbele. Wewe unaumia kwenye paji, kwa hiyo nina hakika kubwa kwamba kichwa chako ni kirefu kuliko helmeti yako.

Unaweza kuthibitisha leo hii. Lowesha nywele zilale, au kama umenyoa hakuna haja, kisha mwombe mtu asimame nyuma yako juu ya kiti akupige picha ya utosi kutoka juu moja kwa moja. Umbo utaliona wazi. Halafu ukienda kununua, usichague kwa jina la kiwanda. Kila kiwanda kina kielelezo chake cha kichwa, na hata kiwanda kimoja hutengeneza matoleo yenye maumbo tofauti ndani. Muuzaji anayejua kazi yake utamtambua kwa kukitazama kichwa chako kabla hajakuuliza rangi unayotaka.

Kuna njia ya mkato ambayo naomba usiifuate: kupanda namba moja juu ili paji lisiume. Paji litapona, ni kweli, lakini pembeni patazidi kuwa wazi na helmeti itaanza kuzunguka kichwani. Tena sponji za ndani hulegea kadiri unavyovaa. Helmeti inayokukaa kwa starehe kamili siku unayoinunua, baada ya miezi michache itakuwa kubwa. Mpya inapaswa kukubana kidogo mashavuni, hadi mashavu yasogee mbele kidogo na ukitafuna uhisi sponji. Mbano wa mashavuni hupungua kwa muda. Nukta moja inayochoma kwenye paji haipungui, kwa sababu nyuma ya sponji pale kuna povu gumu ambalo halilegei.

Na hilo povu gumu ndilo helmeti yenyewe. Watu hugonga ganda la nje kwa vidole, wakisikia limelia vizuri wanaamini wamepata kitu imara. Kazi ya ganda ni kuzuia kitu chenye ncha kisipenye, kulitawanya pigo eneo kubwa, na kuifanya helmeti iteleze juu ya lami. Anayepokea pigo ni povu, lile lile la jamii ya povu jeupe linalowekwa kwenye boksi la televisheni. Linapopondeka, linaongeza kwa sehemu ndogo sana ya sekunde muda ambao kichwa kinachukua kusimama, na nyongeza hiyo ndiyo inayouokoa ubongo usijigonge kwa nguvu ndani ya fuvu. Wazo hili lilipata hataza, yaani hati ya kulinda uvumbuzi, Marekani mwaka 1953, kwa jina la C. F. Lombard wa Chuo Kikuu cha Southern California, na hadi leo kila helmeti halali imejengwa juu yake.

Sasa tuje kwa wenzako na hoja yao ya safari fupi za mjini. Naielewa, na nisingependa uwaone wajinga, maana helmeti yoyote halali iliyofungwa mkanda ni bora mara nyingi kuliko kichwa kitupu. Mapitio makubwa ya tafiti yaliyotolewa na shirika la Cochrane mwaka 2008 yalikadiria kwamba kuvaa helmeti kunapunguza hatari ya kufa kwa asilimia 42, na hatari ya kuumia kichwa kwa asilimia 69, kwa mwendesha pikipiki aliyepata ajali. Lakini hoja kwamba mjini mwendo ni mdogo, hivyo ulinzi mdogo unatosha, inasahau jinsi kichwa kinavyoumia. Mara nyingi pigo la kichwa linatokana na kuanguka kwako kutoka juu kuja chini, hata kama mwendo wa kwenda mbele ulikuwa mdogo. Ukiwa umekaa kwenye pikipiki kichwa chako kiko mita moja na nusu hivi kutoka ardhini. Kikianguka kutoka hapo kinafika chini kikiwa na kasi ya karibu kilomita 20 kwa saa, hata kama pikipiki ilikuwa imesimama kwenye taa. Kanuni ya Umoja wa Mataifa ya helmeti, katika toleo lake la 22.05, ilikuwa ikipima pigo kwa mita 7.5 kwa sekunde, yaani kilomita 27 kwa saa. Kwa hiyo ardhi inayokusubiri mjini ni ile ile inayomsubiri anayesafiri barabara kuu.

Na unaangukia wapi? Mtu akirushwa mbele, uso ndio unaotangulia. Mtafiti wa Ujerumani, Dietmar Otte, alichora ramani ya mahali helmeti zilipogongwa katika ajali halisi, na karibu theluthi moja ya mapigo yalikuwa eneo la kidevu na taya. Ramani hiyo inanishughulisha kuliko takwimu nyingine yoyote ya helmeti, kwa sababu eneo hilo ndilo hasa ambalo helmeti ya uso wazi inaliacha bila kitu. Kioo cha plastiki kinachoteremka hadi kidevuni kinazuia vumbi, wadudu na mvua, pigo hakizuii. Taya lililovunjika huenda likaunganishwa, lakini pigo la kidevu linapanda pia hadi kwenye kitako cha fuvu, na huko ni kubaya.

Zile za nusu, zinazoishia juu ya masikio, sitazizungumzia kwa kirefu. Zinaacha pande za kichwa na sehemu kubwa ya kisogo wazi. Zile za mchezo wa motokrosi, zenye kikingajua kirefu mbele na kidevu kilichochomoza, zina hewa nzuri na kidevu kimekingwa, ila kwenye mwendo wa barabara kuu upepo unalidaka lile paa na kukuvuta shingo. Kwa matumizi yako hazina faida.

Inabaki ile inayofunguka mbele, na hapa kaka yako alikuwa na wazo zuri, ingawa helmeti aliyokupa si sahihi. Kwa mtu wa miwani anayekaa sana kwenye foleni, aina hii ndiyo ningeitazama kwanza. Unaivaa ikiwa wazi, unaweka miwani, kisha unashusha kinga ya kidevu. Ukisimama mahali salama unaifungua, unapumua, unazungumza na mtu akaona uso wako. Bei yake katika mwili ni uzito: helmeti nyingi za uso mzima ziko kati ya kilo 1.3 na 1.6, na hizi huwa nzito zaidi kwa sababu ya bawaba na komeo. Kwa safari ndefu shingo itakueleza. Pia hupitisha kelele zaidi.

Lakini kuna herufi lazima uzitafute. Helmeti iliyopimwa kwa kanuni ya Umoja wa Mataifa ina lebo ndogo iliyoshonwa kwenye mkanda wa kidevu, yenye herufi E ndani ya duara pamoja na namba ya nchi iliyotoa kibali. Chini yake kuna mfululizo wa tarakimu. Ukianza na 05 ni toleo la 22.05, ukianza na 06 ni la 22.06. Kisha inakuja herufi. P maana yake kinga ya kidevu imepimwa na kufaulu. J ni helmeti isiyo na kinga ya kidevu. NP ni ile yenye kitu mbele ya kidevu ambacho hakikupimwa kama kinga, yaani ni pambo au kizuizi cha upepo tu. Helmeti inayofunguka mbele iliyo nzuri huandikwa P/J: imepimwa ikiwa imefungwa na ikiwa wazi. Ukikuta J peke yake au NP kwenye helmeti inayofunguka mbele, irudishe rafuni hata kama imekukaa vizuri kiasi gani. Na hata yenye P/J, ukiwa kwenye mwendo iwe imefungwa hadi usikie komeo limeingia pande zote mbili. Kuna watu wanaoendesha na kidevu kimenyanyuliwa juu ya paji. Upepo unawavuta kichwa nyuma, na wakianguka kile kipande kinageuka wenzo wa kuwapinda shingo.

Komeo la chuma ni bora kuliko la plastiki. Mradi wa serikali ya Uingereza unaoitwa SHARP, ulioanza mwaka 2007, huzigonga helmeti maabara na kuzipa nyota kuanzia moja hadi tano, na kwa zile zinazofunguka mbele hutaja ni asilimia ngapi ya mapigo ambayo komeo liliendelea kushika. Tafuta jina la toleo unalolitaka kwenye orodha yao kabla ya kulipa. Utashangaa kuona baadhi ya helmeti za bei nafuu zikipata nyota nyingi kuliko za bei ya juu.

Kuhusu toleo la 22.06, lililoanza kutumika mwaka 2021: ukilipata, lipendelee. Limeongeza mapigo ya kasi ndogo na ya kasi kubwa, na kubwa zaidi kwangu ni pigo la mshazari, linalopima jinsi helmeti inavyoupunguza mzunguko wa ghafla wa kichwa. Ubongo huvumilia kusukumwa moja kwa moja kuliko kusokotwa, na ajali halisi karibu zote husokota.

Alama ya DOT, yaani ya Wizara ya Uchukuzi ya Marekani, nayo ni halali, ila ujue kwamba huko kiwanda chenyewe ndicho kinachotangaza kuwa kimetimiza kanuni, na serikali hununua baadhi ya helmeti sokoni na kuzipima baadaye. Ndiyo maana stika za DOT za kughushi ni nyingi. Mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani, NHTSA, inatoa dalili ambazo mikono yako inaweza kuzikagua popote: helmeti ya kweli ina povu gumu lenye unene wa karibu sentimita 2.5, na uzito wake ni kama kilo 1.4, wakati zile za bandia huwa na uzito wa nusu kilo au chini ya hapo. Ingiza vidole chini ya kitambaa, bonyeza. Ukikuta sponji laini tu halafu ganda, hicho ni kikingajua.

Tukija kwenye hewa, nisikudanganye: helmeti ya uso mzima ina joto ukiwa umesimama. Matundu ya hewa yanafanya kazi kwa mwendo. Hewa inaingia kidevuni na kwenye paji, inapita kwenye mifereji iliyochongwa ndani ya povu, inatokea nyuma. Kwa hiyo angalia mambo mawili. Kwanza, kama mifereji ipo kweli, maana helmeti nyingi zina matundu ya urembo nje ambayo hayafiki popote. Vua kitambaa cha ndani, tazama kama mwanga unapita. Pili, kama swichi ya tundu la kidevu unaweza kuifungua ukiwa na glavu. Kwenye foleni inua kioo nusu. Kile kikwazo cha kwanza cha kioo, ule mwanya mdogo, kinatosha pia kuondoa ukungu wa pumzi asubuhi. Kitambaa cha ndani kiwe cha kutoka, ukifue kwa sabuni laini na kukianika kivulini. Sehemu kubwa ya ile hisia ya kukosa hewa inatokana na kitambaa kilichojaa jasho la siku nyingi, na hili nimeliona kwa wengi waliokuja wakitaka kubadilisha helmeti.

Miwani: nenda nayo dukani, ile ile unayoendeshea. Helmeti nyingi za siku hizi zina mfereji mdogo kwenye sponji, juu ya shavu, wa kupitisha mikono ya miwani. Fremu yenye mikono iliyonyooka na myembamba inaingia vizuri kuliko iliyopinda. Kioo cha helmeti kiwe cheupe. Cheusi kinapendeza, lakini jua likizama kinakuwa pazia, na mtu wa miwani ana vioo viwili tayari mbele ya macho.

Sasa jinsi ya kujaribu. Pima kichwa kwa futi kamba ya fundi nguo, sentimita mbili na nusu juu ya nyusi, ikizunguka sehemu iliyochomoza zaidi kisogoni. Rudia, chukua kipimo kikubwa. Shika mikanda yote miwili, ipanue, vaa. Funga mkanda hadi vidole viwili tu vipite kwa shida chini ya kidevu. Kisha shika helmeti kwa mikono, igeuze kulia na kushoto huku kichwa umekikaza: ngozi ya paji na mashavu inapaswa kuvutika pamoja nayo. Ikiteleza juu ya ngozi, ni kubwa. Jaribio la mwisho ndilo muhimu kuliko yote na ndilo linalorukwa sana. Mwambie mtu ashike ukingo wa chini wa helmeti kisogoni na kuusukuma juu na mbele, kama anayetaka kukuvua. Ikivuka paji na kutoka, itatoka hivyo hivyo siku ya ajali, na haijalishi ina nyota ngapi. Ikifaulu majaribio yote, kaa nayo dukani nusu saa nzima. Zungumza na muuzaji, tembea, inama kama uko kwenye pikipiki. Ukivua, jitazame kwenye kioo cha ukutani. Alama nyekundu iliyosambaa mashavuni ni ya kawaida, alama moja kali kwenye paji ni jibu la hapana. Muuzaji akikunyima hiyo nusu saa, nenda kwingine.

Mkanda wenye pete mbili za chuma na ule wa bizimu yenye meno vyote ni vizuri. Kwa mtu anayevaa na kuvua mara nyingi kwa siku napendelea wa meno, kwa sababu ni mwepesi kuufunga na hivyo hutashawishika kuuacha ukining'inia.

Rangi chagua unayoipenda, lakini kama huna upendeleo, nyeupe. Utafiti uliofanyika Auckland, New Zealand, na kuchapishwa mwaka 2004 uliona kwamba waliovaa helmeti nyeupe walikuwa na hatari ndogo kwa asilimia 24 ya kupata ajali yenye majeraha, ukilinganisha na waliovaa nyeusi.

Mkeo anahitaji helmeti yake mwenyewe, kwa kipimo chake, na ya kiwango kile kile na yako. Anayekaa nyuma haoni kinachokuja mbele, hana usukani wa kushika, na breki ya ghafla inamkuta hajajiandaa. Sioni sababu ya kumpa ya uso wazi eti kwa kuwa haendeshi. Nywele zilizosukwa zinabadilisha kipimo. Zile zilizolala kichwani hazina tabu, apime akiwa nazo. Fundo la nywele juu ya utosi au kisogoni ndilo hatari, maana linaibeba helmeti ikae juu ya kichwa, na povu linakuwa mbali na mahali linapotakiwa kufanya kazi. Azishushe zote chini ya shingo, azifunge hapo. Kofia nyembamba ya kitambaa cha kuteleza chini ya helmeti inazilinda nywele na kurahisisha kuvua, ila aivae pia siku ya kupima. Kama mitindo yake hubadilika sana unene, helmeti yenye sponji za mashavu zinazobadilishwa itamfaa. Viwanda vingi huuza sponji za unene tofauti kwa toleo moja.

Mwisho, hiyo ya kaka yako. Inakupwaya, kwa hiyo imeshaanguka kwenye mtihani kabla hatujauliza mengine. Lakini uliza pia: iliwahi kugongwa, au kudondoka kutoka kwenye tangi? Povu likishapondeka halirudi, na pondeko linaweza kuwa chini ya ganda lisilo na hata mkwaruzo. Ganda la plastiki ya polikaboneti nalo hudhoofishwa na petroli, rangi ya kupuliza na gundi ya baadhi ya stika, bila kuonyesha ufa. Taasisi ya Snell ya Marekani, inayopima helmeti, inapendekeza kubadilisha helmeti baada ya miaka 5 ya matumizi. Tarehe ya kutengenezwa utaikuta kwenye lebo ndani, chini ya kitambaa au kwenye mkanda. Kama imepita muda huo, au hakuna anayekumbuka historia yake, usimpe mtu mwingine wala usiiuze: kata mikanda yote miwili kwa mkasi ndipo uitupe, ili asije mtu akaiokota na kuivaa.